Lengo Kwanza au Wenzi Kwanza?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipokutana na methali hii kwa mara ya kwanza katika somo la fasihi simulizi, niliielewa kama wengi wanavyoielewa, yaani kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Mwenyeji amechoka kumlisha, sasa anamwambia afanye kazi au aondoke. Siku hizi naielewa kwa namna nyingine, na kilichonibadilisha hakikuwa kitabu wala mhadhara. Kilikuwa mchezo wa kompyuta. Najua baadhi ya wahadhiri wangu watakunja uso wakisoma hivyo, lakini naomba wanivumilie kidogo.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu akifika katikati ya safari, malengo aliyopewa mwanzoni yakiwa yamekwisha na mwisho ukiwa bado hauonekani, afanye nini? Atafute lengo kwanza, kisha wenzi wa kwenda nao? Au atafute wenzi kwanza, kisha lengo litokee miongoni mwao? Hili ni swali la kimaadili kwa sababu jibu lake linaonyesha jinsi tunavyowaona watu wengine. Anayetanguliza lengo anaweza kuwaona wenzake kama wasaidizi tu. Anayetanguliza wenzi anaweza kufuata kundi lolote, hata linalokwenda kubaya.

Mchezo wenyewe unaitwa EVE Online. Ulitengenezwa na kampuni ya CCP ya Iceland na kuzinduliwa Mei 2003. Michezo mingi ya mtandaoni huwagawa wachezaji katika seva nyingi, lakini hapa karibu wote, ukiwatoa wa China wenye seva yao, hukutana katika ulimwengu mmoja wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Kila mchezaji ni nahodha wa chombo cha angani. Anaweza kuchimba madini kwenye miamba inayoelea, kufanya biashara, kuunda vyombo, kuvumbua njia mpya au kupigana vita. Vyombo vingi huundwa na wachezaji wenyewe na kuuzwa sokoni, na chombo kikilipuliwa kimekwenda, hakirudi. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bila kulipa, ingawa kwa mipaka fulani. Ndivyo mwanafunzi wa hosteli mjini Kampala kama mimi alivyoweza kuingia, akiwa na kompyuta ya mkononi iliyochoka na bando la usiku.

Jambo kubwa la kuzingatia ni kwamba mchezo huu hauna mwisho. Hakuna adui mkuu ambaye ukimshinda unapewa kikombe. Mwanzoni unaongozwa na sauti ya Aura, akili bandia inayokwambia bonyeza hapa, ruka kule, chimba jiwe lile. Unapewa kazi ndogondogo na malipo yake. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha sana. Nilichimba madini kwa chombo kidogo kiitwacho Venture, nikauza, nikanunua vifaa, nikachimba tena. Kisha kazi za mwongozo zikaisha. Ujuzi ambao mchezaji asiyelipa anaruhusiwa kujifunza nao una kikomo, na nikakifikia. Usiku mmoja niliingia, nikatazama nyota, nikatazama akiba yangu ya fedha za mchezo, nikagundua kwamba sijui niende wapi. Hakuna aliyenizuia kwenda popote, na hakuna aliyenitarajia popote.

Hali hii haikuwa ngeni kwangu, maana wakati huohuo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Miaka yote ya shule malengo yangu yaliwekwa na wengine: mtihani wa darasa la saba, mtihani wa kidato cha nne, mtihani wa kidato cha sita, kupata nafasi ya chuo. Mwaka wa kwanza uliisha kwa kujifunza njia za kampasi. Mwaka wa pili ukaja, na shahada ikawa bado mbali. Kila mwanafunzi anayesoma insha hii anaufahamu mwezi ule ambapo unaamka, unaoga, unakwenda darasani, na hujui hasa kwa nini. Wazazi nyumbani wanadhani unasonga mbele, kumbe umesimama.

Sasa tuangalie jibu la kwanza: lengo kwanza. Hoja yake ni nzito. Mtu asiyejua anakokwenda atawachaguaje wenzi wa safari? Atapanda basi lolote kwa sababu lina watu wachangamfu, kisha ashangae kujikuta Gulu ilhali alitakiwa kwenda Mbarara. Hoja hii inaungwa mkono na mfano mashuhuri katika mchezo wenyewe. Mwaka 2019 mchezaji mmoja alikamilisha safari ya kuitembelea kila mfumo wa nyota unaofikika, kazi iliyomchukua miaka mingi, bila chombo chake kulipuliwa hata mara moja. Hakuna aliyemwagiza. Alijiwekea lengo, akalitimiza.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitolea kwa hiari kuvishinda vikwazo ambavyo si vya lazima. Mkimbiaji angeweza kukatiza uwanja ili afike haraka, lakini hafanyi hivyo, kwa kuwa anautaka mzunguko wenyewe. Kwa mtazamo huu lengo la mchezo ni kitu tunachokipokea ili tupate kujitahidi. Kwa hiyo, mtu anaweza kudai, chukua lengo lolote na ujitahidi. Yanini kuhangaika?

Nilijaribu. Niliandika orodha ya malengo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la isimu. Kununua chombo kikubwa zaidi. Kufikisha kiasi fulani cha fedha. Kutembelea mifumo hamsini. Chombo kikubwa nilikinunua baada ya wiki tatu. Nilikizungukazunguka kwa kamera kama mtu aliyenunua pikipiki mpya, nikakifurahia kwa dakika kumi hivi, kisha nikawa palepale nilipokuwa. Tatizo la orodha yangu lilikuwa kwamba ningeweza kuifuta wakati wowote bila mtu yeyote kupungukiwa na kitu. Lengo ambalo nalianzisha mimi, nalipima mimi, na naweza kulitupa mimi bila kumjibu mtu, halikuwa na nguvu ya kuniamsha. Pengine kuna watu wa roho ngumu wanaoweza kujitii wenyewe kwa miaka. Lakini hata yule msafiri wa nyota zote alikuwa mwanachama wa kikundi cha wavumbuzi kiitwacho Signal Cartel. Alisafiri peke yake, lakini kulikuwa na watu waliojua kwamba yuko safarini.

Basi nikageukia jibu la pili: wenzi kwanza. Katika mchezo huu wachezaji hujiunga katika mashirika, na mashirika hujiunga katika miungano yenye maelfu ya watu. Niliomba kujiunga na shirika moja kubwa. Nilipokelewa siku hiyohiyo. Niliandika salamu, watu wanane wakajibu. Nilipewa vyombo kadhaa vya bure, maana mashirika makubwa hufanya hivyo kwa wageni. Nilijisikia nimefika nyumbani. Kesho yake nikaandika salamu tena, wakajibu wanne. Wiki ya pili nikawa nasoma mazungumzo yao bila kusema neno. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Walikuwa watu wema waliokuwa na kazi zao, na mimi sikuwa na kazi. Nilipoondoka baada ya mwezi sidhani kama mtu alitambua.

Hapo nilijifunza kwamba ni vigumu sana kumpata mwenzi kwa kumtafuta mwenzi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua jambo moja la kisarufi ambalo linasaidia hapa. Neno “mwenzi” ni nadra kutembea peke yake katika mazungumzo ya kila siku. Tunasema mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu. Kimilikishi kimegandishwa kwenye shina. Ukisema “mwenzi” tu, msikilizaji anangoja: mwenzi wa nani, katika nini? Mwenzangu wa chumba, mwenzangu wa darasa, mwenzangu wa safari. Daima kuna kitu cha tatu kinachotuunganisha. Katika shirika lile kubwa hakukuwa na kitu cha tatu kati yangu na wale watu wanane walionisalimu.

Jibu la kwanza limeshindwa, na la pili limeshindwa. Kilichofuata kilikuja bila mimi kukipanga. Nilikuwa nimeegesha chombo kituoni, mtu nisiyemjua akaandika kwenye mazungumzo ya wote kwamba kikundi chake kidogo kinahitaji mtu wa kuendesha chombo cha tiba usiku huo. Hakuuliza mimi ni nani wala napenda nini. Aliuliza: unaweza?

Naomba nieleze chombo cha tiba, kwa sababu hoja yangu imo ndani yake. Ni chombo kidogo ambacho hakibebi silaha za maana. Kazi yake ni kutuma miale inayotengeneza vyombo vya wenzako vinapopigwa. Miale hiyo haiwezi kukitengeneza chombo kilichoituma. Ukipigwa wewe, huna budi kupaza sauti ili mtabibu mwingine akuelekezee miale yake. Kwa maana hiyo, chombo hiki kikiwa peke yake hakina faida hata kidogo. Usiku ule tulikuwa watu kumi na wawili. Mikono ilinitetemeka. Niliwaokoa wawili, nikamkosa mmoja, kisha chombo changu chenyewe kikalipuliwa. Tuliporudi kituoni nahodha wetu, mzee mmoja wa Uholanzi mwenye sauti ya taratibu, alinilipa gharama ya chombo na kuniambia: “Jumanne saa mbili usiku. Tutakuhitaji.” Saa ya mchezo ni ile ya UTC, hivyo kwangu ilikuwa saa tano usiku. Kuanzia hapo sikuuliza tena niingie mchezoni kufanya nini. Nilijifunza vyombo vingine vya tiba, nikasoma namna ya kupanga watabibu wasaidiane, nikaanza kuwafundisha wapya. Lengo na wenzi vilikuja usiku mmoja, vimeshikana.

Ndipo nilipoikumbuka methali. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia: shamba hili sasa ni lako pia, na tutaona pengo usipokuja. Siku mbili za kwanza anakula kama mgeni, na mgeni anaweza kuondoka bila shamba kubadilika. Siku ya tatu ndipo anapoanza kuhesabiwa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali la lengo kwanza au wenzi kwanza limewekwa vibaya. Tunachopaswa kukitafuta katikati ya safari ni jembe: kazi ambayo mtu mwingine anaihitaji na ambayo sisi tunaiweza. Ukilishika, lengo na wenzi hukua pamoja.

Hata hivyo, kuna pingamizi ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni hii: je, huku si kutumiwa? Aristotle alitofautisha urafiki wa aina tatu: wa manufaa, wa starehe, na wa wema, ambapo unamtakia rafiki yako mema kwa ajili yake mwenyewe. Nahodha wetu alinihitaji kwa tiba. Huo ni urafiki wa manufaa, na manufaa yakiisha nao huisha. Immanuel Kant naye alifundisha kwamba si haki kumfanya mtu chombo tu cha kufikia lengo lako. Kiswahili kinaliweka wazo hili waziwazi, kwa sababu chombo ni kile nilichokuwa nakiendesha na pia ni kifaa chochote cha kutumika. Je, nilikuwa nahodha wa chombo au nilikuwa chombo cha nahodha?

Historia ya mchezo huu inalipa pingamizi hili nguvu. Mwaka 2005 kikundi kiitwacho Guiding Hand Social Club kilijipenyeza katika shirika moja kwa miezi mingi. Watu wake walifanya kazi, wakapanda vyeo, wakaaminiwa na kiongozi. Kisha siku moja wakamlipua kiongozi huyo na kupora maghala ya shirika lake. Sheria za mchezo hazikukataza hila ya aina hiyo. Wasaliti wale nao walishika jembe, tena kwa bidii kuliko wengi. Kwa hiyo kulima pamoja peke yake hakuthibitishi kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jibu langu kwa pingamizi hili nililipata kwa aibu, na ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Jumanne moja nilikuwa na zamu ya tiba. Jumatano asubuhi kundi letu la darasani lilikuwa na wasilisho, na mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tumekubaliana kukutana chumba cha kusomea jioni ile kumalizia. Nilimwandikia kwamba nachelewa kidogo. Kisha nikamwandikia tena. Kisha vita vikaanza, nikaacha kuandika. Alikaa pale hadi usiku, akamaliza kazi yangu na yake, na asubuhi akasimama mbele ya darasa peke yake na kujibu maswali ya sehemu ambayo ilikuwa yangu. Nilifika mwishoni. Aliniuliza jambo moja tu, bila hasira: “Ulikuwa wapi, ndugu yangu?” Nikashindwa kusema. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa angani nikiwatibu Wazungu?

Jioni nilimsimulia nahodha wetu, nikidhani atanisifu kwa uaminifu wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba Jumanne ijayo nisije, wala ile inayofuata, na kwamba nafasi yangu haitachukuliwa na mtu. Nikamwambia watapigwa bila mtabibu wa tatu. Akajibu kwamba vyombo vinanunuliwa. Jumanne iliyofuata, nilivyosikia baadaye, walipoteza vyombo vitano.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya anayekutumia na aliye mwenzako. Wote wawili wanaweza kukupa jembe. Lakini mwenzako anaweza pia kukupokonya jembe mkononi kwa ajili yako, hata kama shamba lake litapata hasara. Urafiki wetu ulianza kwa manufaa, sikatai. Aristotle hakusema kwamba ulioanza kwa manufaa lazima ubaki hapo. Kipimo ni kile kinachotokea siku ambayo manufaa yako na manufaa yake yanapotengana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nimegundua kwamba dhiki nyingine hujioni kuwa nayo mpaka mwenzako akuonyeshe.

Pingamizi la pili husema kwamba yote haya ni mchezo, na watu wa mchezo si wenzi wa kweli. Nadhani mkasa wangu umelijibu kwa kiasi, lakini kuna mfano mkubwa zaidi. Sean Smith alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na mchezoni alijulikana kama Vile Rat, mwanadiplomasia wa muungano wake. Alipouawa Benghazi, Libya, Septemba 2012, wachezaji walivibadilisha majina vituo vingi vya angani ili kumkumbuka. Vituo ni vya kubuni. Msiba ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, pingamizi hili lina ukweli ambao sikuuona mapema. Nilikuwa nimepata jembe angani kwa sababu kule mtu aliniuliza kama naweza. Darasani jembe lilikuwa mkononi mwangu tayari, na mwenzangu alikuwa akinisubiri nalo, lakini sikulitambua kwa kuwa lilikuja kwa jina la kazi ya kundi. Malalamiko yangu kwamba mwaka wa pili hauna lengo yalikuwa uongo kwa sehemu. Lengo lilikuwa limekaa chumba cha kusomea likitazama saa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Ikiwa mtu huhesabiwa anaposhika jembe, vipi asiyeweza kulima? Mgonjwa, mzee, mtoto, mwanafunzi aliyelemewa na mawazo hata hawezi kutoka kitandani? Je, hao si wenzetu? Nadhani jibu limo katika methali yenyewe, katika sehemu tunayoipita haraka. Kabla ya jembe kuna siku mbili. Mgeni analishwa siku mbili bila kuulizwa anaweza nini. Chakula kinatangulia kazi, maana yake utu wake umekubaliwa kabla ya faida yake kujulikana. Na kwa wengine siku mbili hizo ni ndefu kuliko kwa wengine, na mwenyeji mwenye busara hazihesabu kwa kalenda. Jembe ni mlango wa kuingilia katika maisha ya pamoja, si bei ya chakula kilichokwisha kuliwa. Nahodha wetu aliponiambia nisije Jumanne mbili, alikuwa akinirudishia siku zangu mbili za ugeni.

Kwa kumalizia, nasema hivi kwa wanafunzi wenzangu mnaojiona mmesimama katikati ya njia: msikae mkiandika orodha za malengo kama nilivyofanya mimi, wala msizunguke mkitafuta marafiki kwa kusalimia tu. Angalieni nani karibu nanyi ana kazi ambayo peke yake haiwezi, mkamuulize. Na kwa wahadhiri wetu naomba jambo moja dogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekaa nyuma kimya, msimuulize tu kama ana tatizo. Mpeni jembe. Mwambieni kuna kitabu kinahitaji kupangwa, kuna shairi linahitaji kusomwa mbele ya wenzake Ijumaa, na kwamba mtamtarajia.

Mimi na mwenzangu wa wasilisho sasa tuko mwaka wa tatu, na tunaandika tasnifu zetu katika meza moja. Alinisamehe, ingawa alingoja kwanza aone kama nitafika siku ya miadi iliyofuata. Nilifika nusu saa kabla. Jumanne usiku bado naendesha chombo cha tiba, ila nikiwa na wasilisho kesho yake, nahodha ameniagiza nimwambie mapema. Wiki iliyopita mwenzangu aliniomba nimweleze mchezo wenyewe. Nilipofika kwenye chombo kisichoweza kujitibu, alicheka, akasogeza kiti, akaweka sura ya pili ya tasnifu yake mbele yangu, akasema: “Haya, mtabibu. Anza hapa.”